Gunia la Simeon

Nikisikia mtu akisema watu wa dini walishikamana wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya Waingereza, roho hunichafuka. Mimi nilimwona Simeon Githinji, mzee wa kanisa hapa Ruiru, Jumapili ameshika Biblia, Jumatatu ameshika gunia.

Lilikuwa gunia la kahawa, limetobolewa mashimo mawili ya macho. Homgadi wa serikali, Simeon akiwa mmoja wao, walimvika mtu, akakaa kitini, nasi tukapitishwa mbele yake. Akiinamisha kichwa, wewe ni Mau Mau, unapanda lori kwenda kizuizini. Lilinuka jasho na matapishi ya wote waliowahi kulivaa. Ptuu.

Mwaka wa hamsini na nne walimletea Simeon wifi yangu, Magdalene Waithira. Alichuma kahawa kwa mzungu mmoja upande wa Thika, na alikuwa ameokoka. Usidhani alikuwa shujaa. Aliogopa hata mbwa wa huyo mzungu. Lakini wanawake wa kambi ya vibarua walipotaka anywe kiapo cha Mau Mau, alikataa, akasema damu ya Yesu inamtosha. Gathoni, jirani yetu, ndiye aliyembana taya wenzake wakimchapa. Alitoka na jino moja pungufu, na hakunywa.

Simeon akaona amepata mtu wake. "Dada katika Bwana," akamwambia kwa upole wa paka, "waliokupiga unawajua. Vaa, inamisha kichwa tu. Hakuna atakayekuona."

Gathoni alikuwa mbele yangu kwenye foleni, mtoto mgongoni. Nilimwona mkojo ukimshuka miguuni.

Magdalene akavikwa. Tukasikia akiomba mle ndani, sauti inakatikakatika. Kisha akalivua.

Walokole wa kwetu wana desturi yao. Neno lililo moyoni unamwambia mwenzako usoni, mbele ya watu wote, hata kama ni aibu. Desturi hiyo ilikuwa imenichosha, maana waliungama mpaka sukari waliyolamba. Siku hiyo nikaielewa.

"Nawajua," Magdalene akasema. "Nilishawaambia uso kwa uso kwamba nimewasamehe. La kusema nikiwa nimejificha, sina."

Simeon akamzaba kofi, kwa mkono uleule wa kugawa meza ya Bwana, akamsukuma kwenye foleni. Akauliza nani atalivaa ajiokoe. Gathoni akatoka. Sote tunamtazama, mtoto analia mgongoni kwake, na bado akajificha uso. Upuuzi gani huo.

Wa kwanza kupitishwa alikuwa Magdalene. Gunia likainama.

Nilishikwa na kinyaa. Kinyaa hicho hakijanitoka mpaka leo. Niliwachukia wote wawili, Simeon na huyo mwanamke, na ningekuwa na jiwe ningelirusha.

Magdalene hakupiga kelele. Alisimama mbele ya kiti, akaushika mkono wa aliyevaa. "Gathoni, hata hili nimekusamehe," akasema, akaenda kupanda lori bila kusukumwa.

"Mwingine," Simeon akaita.

Mwingine nilikuwa mimi. Nikasimama pale nikisikia Gathoni akilia mle ndani. Simeon akangoja, akamkanyaga mguu, akamtukana. Gunia halikuinama tena, kwangu wala kwa mtu yeyote aliyenifuata.