Maneno Niliyompunguzia Mama

Mama anaongea Kifipa. Kiswahili chake ni cha salamu na cha sokoni, kwa hiyo siku nilipompeleka hospitali hapa Sumbawanga, mkalimani nilikuwa mimi. Daktari, kijana mpole asiye mwenyeji, alimpa shikamoo, kisha akauliza anajisikiaje.

Mama aliinamia kanga yake akajibu kwamba amechoka kuamka katika nyumba isiyo yake, na siku nyingine anatamani asiamke.

Nyumba yenyewe ni yangu. Tulipomaliza kumzika baba nilimtoa mama kijijini, shamba lake la ulezi nikamwachia jirani, nikajisifu kwa watu kwamba namtunza.

"Anasema amechoka," nilimwambia daktari. "Hapati usingizi."

Daktari aliuliza mengine mawili matatu, na majibu yake nikayapunguza vilevile. Akasema ni sonona, akaandika vidonge vya mwezi mmoja. Mshauri wa kuzungumza naye yupo, alisema, kila Jumanne, ila atahitaji wa kumtafsiria. Nikamjibu haraka kuwa vidonge vitatosha.

Vilisaidia kiasi. Mama alianza kumaliza ugali wake. Lakini kwenye sala za jumuiya hakwenda, na mimi nikawa mtumwa wa kikohozi chake: kila alfajiri nilisimama nje ya mlango wake, mswaki mdomoni, mpaka akohoe ndipo nipumue. Siku moja kikohozi kilichelewa. Nilisukuma mlango nikamkuta ameketi kitandani, macho makavu, ananitazama. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa naficha ya mama yangu. Niliogopa sana.

Siku hiyohiyo tulirudi hospitali, nikamweleza daktari yote niliyoyakata. Hakunigombeza; angenigombeza ingekuwa afadhali. Alimwita muuguzi mmoja mwenyeji wa Pito, hapa jirani, anayejua Kifipa.

"Vidonge aendelee navyo," daktari aliniambia. "Ila maneno yake ayaseme wewe ukiwa nje."

Nikakaa kwenye benchi. Maneno sikuyapata, sauti niliisikia, ikaendelea tu, ya mtu ambaye kwangu alikuwa hazungumzi. Niliona wivu, na aibu ya huo wivu.

Mama alitoka na kadi ya Jumanne. Nilimuuliza tutoke saa ngapi.

"Nitakuja mwenyewe, mwanangu. Wewe nenda kazini."

Alfajiri iliyofuata nilisimama tena mlangoni kwake, nikitega sikio. Kimya.

"Nimeamka," alisema kutoka ndani. "Kamalize kupiga mswaki."