Ng'ombe wa Mfano

Ng'ombe niliyemtolea mfano mbele ya mzee mmoja wa Ilemba alifika nyumbani kwetu Chanji asubuhi, akiwa mzima, kamba shingoni, na kila nilichokuwa nimesema juu yake kilikuwa sahihi. Rangi ya majivu. Pembe ya kushoto imepinda kuelekea chini kama mkono wa kikombe. Baka jeupe juu ya pua. Ncha ya mkia haipo. Mama alikuwa uani anapepeta ulezi. Aliweka ungo chini, akamtazama ng'ombe, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa Kifipa swali ambalo kwa Kiswahili ni kama hivi: "Hiki ndicho ulichokwenda kusomea?"

Inabidi nieleze kwa utaratibu.

Nasoma ukutubi, yaani kazi ya maktaba, katika chuo kilicho mbali na Sumbawanga. Watu wakisikia hivyo hudhani nafundishwa kupanga vitabu na kuwaambia wasomaji wanyamaze. Kunyamazisha watu hakumo kwenye mtaala, nimetafuta. Muhula huu kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua jamii moja ya taarifa na kuichunguza. Mhadhiri alisema hao ni watu wowote wanaohitaji habari za aina moja, wenye njia yao wenyewe ya kuzitafuta, kuzipima na kupeana. Halafu akaweka sharti. Kabla hujaanza, mtu anayeheshimika katika jamii hiyo aongee naye kwa simu na akubali kwa mdomo wake kwamba wako radhi kuchunguzwa. Bila simu hiyo hakuna ruhusa, na bila ruhusa nitarudia somo mwaka ujao, wakati Mama ameshawatangazia wanajumuiya wenzake wa kanisani kwamba mwaka huu namaliza.

Wenzangu walichagua haraka: mashabiki wa mpira, wauza mitumba, wafuga kuku wa mayai. Na kwa kuwa natokea Sumbawanga, walinichagulia na mimi, wote kwa sauti moja.

"Wachawi!"

"Mwenzetu una bahati, jamii yako inasafiri bure usiku."

"Uwaulize wanaazimanaje ungo, na ukichelewa kurudisha faini ni shilingi ngapi."

Nikawaambia ungo kwetu ni wa kupepetea nafaka. "Ndivyo mnavyosemaga," mmoja akajibu, na darasa zima likavunjika mbavu.

Nikarudi nyumbani likizo nikiwa sina jamii. Nilianza na waendesha bodaboda wa pale kijiweni kwetu, kwa sababu habari yao ni moja na wanaipeana kwa kasi: trafiki wamesimama wapi. Msemaji wao alinisikiliza vizuri tu. "Poa sista, wazo zuri. Sasa ukishaandika, trafiki hawajui kusoma?" Nikaondoka. Kwaya nayo ilikubali, ila kila sauti ikataka ihojiwe wakati sauti nyingine hazipo. Mama akapendekeza jumuiya yake. "Sisi tunajua nani anaumwa kabla mwenyewe hajajua," alisema, na ni kweli. Tatizo ni kwamba mtu anayeheshimika ambaye angeongea na mhadhiri angekuwa Mama, na ninamfahamu Mama. Dakika ya kwanza angemuuliza kama ameoa.

Kwa hiyo nilishuka bondeni, Ilemba, kwa mjomba wangu ambaye ni mkulima. Basi liliteremka taratibu, tukisimama kila mara kupisha mifugo barabarani, na kadiri tulivyoshuka ndivyo nilivyovua sweta, kisha soksi. Asubuhi ya kwanza nilikuwa nakunywa uji mlangoni kwa mjomba, akapita jirani yake, Msukuma mfugaji. Wakasalimiana. Wakaongea kuhusu mvua, kuhusu mpunga, kuhusu harusi fulani iliyokosa wali. Katikati ya wali, yule jirani akatupia maneno kidogo juu ya dume jeusi linalochechemea. Mjomba akanyoosha kidole kuelekea mfereji, wakarudi kwenye harusi. Uji wangu haujapoa, jirani akapita tena, mbele yake dume jeusi likichechemea.

Niliweka kikombe chini. Hakuna aliyepiga simu, hakuna aliyebandika tangazo mahali. Hii ilikuwa jamii ya taarifa, na darasani hakuna aliyekuwa nayo.

Mjomba akanipeleka kwa mzee ambaye wafugaji wote wa upande ule humsikiliza. Tulimkuta mbele ya nyumba na mkewe, wanapukuchua mahindi.

"Mwangaluka," nilisema, salamu ya Kisukuma niliyokuwa nimefundishwa njiani.

"Mwangaluka, ng'wanawane," mzee akaitika, akaniita mwanangu kwa Kisukuma, akafurahi, akaniuliza habari za Chanji, za Mama, za baridi, za mahindi ya huko juu. Nilijibu zote. Ndipo nikafika kwenye shabaha yangu.

"Mzee wangu, nataka kujua ng'ombe akipotea mnapataje habari zake."

"Nani kapoteza?"

"Hakuna, mzee. Tuseme tu labda mimi nimepoteza."

Mzee akamtazama mkewe. Mkewe akaacha kupukuchua.

"Tuseme," mzee akarudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi. "Wa rangi gani?"

"Rangi yoyote. Ni mfano."

"Ng'ombe wa rangi yoyote sijamwona tangu nizaliwe."

"Usimbane mtoto," mkewe akaingilia, akanisogezea kigoda. "Mwanangu, huyo ng'ombe wa kusema tu, tuseme ana rangi gani?"

Nikaona nikitaja rangi tutasonga mbele. Nikasema ya majivu. Wakauliza pembe, nikasema ya kushoto imepinda chini. Wakauliza alama, nikatoa baka la puani. Wakauliza mkia, na mkia nao nikaukata ncha, ili tumalize.

"Amezaa mara ngapi?"

"Sijui, mzee. Hayupo. Hajapotea kabisa."

Wote wawili wakatikisa vichwa kwa huruma. "Sawa," mzee akasema kwa sauti ya chini. "Umesema vizuri sana. Usimwambie mwingine."

Nikamweleza habari za mhadhiri na simu yake. Akasema hilo ni jambo dogo, tutaongea "hili" likiisha. Sikuuliza "hili" ni lipi. Nilipanda basi kurudi Chanji nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi ngumu kwa siku moja.

Aliyemleta ng'ombe Chanji alikuwa bwana wa makamo mwenye buti za mvua na shati jepesi la bondeni, anatetemeka kwa baridi yetu. Alikuwa amepanda mteremko wote kwa miguu na ng'ombe wake. Tuseme ng'ombe wangu. Mama, ambaye hajawahi kumwacha mgeni asimame, alimpa uji wa ulezi na koti la marehemu baba, kisha ndipo akauliza.

"Baba, huyu ni wa nani?"

"Wa binti yako, mama. Amepatikana."

"Binti yangu hana hata kuku."

Yule bwana akatabasamu kwangu kwa heshima kubwa. "Hata kwa mama yake hajasema! Huyu angezaliwa kwetu, angekuwa na mifugo mingi."

Nilimwambia wazi kwamba ng'ombe si wangu, kwamba ulikuwa mfano, kwamba nasoma mambo ya maktaba. Kila sentensi ilizidi kumfurahisha. Mwishowe nikamsihi arudi naye. Hapo akaacha kucheka.

"Dada yangu, kupanda naye nilikuwa mtu mwema. Wote walionikuta njiani walinipongeza. Nikishuka naye, nitakuwa nani?"

Alimaliza uji, akaaga, akaondoka na koti.

Nilimpigia mjomba. Alicheka mpaka akaomba nimsubiri akae chini. Ndiye aliyenieleza nilichopaswa kukijua kabla sijafungua mdomo. Mfugaji mwenye akili akipoteza ng'ombe hatangazi, maana akitangaza, mwizi naye anasikia. Huanzia mbali. Husema tuseme, husema labda, husema siku hizi mtu anaweza akapotelewa. Akiulizwa, hukana. Anayekana sana ndiye mwenye ng'ombe wa maana. "Na wewe ulikana vizuri kuliko wao wenyewe," mjomba alisema. "Wanakusifia huku mpaka leo."

Kilichobaki kunisumbua ni lile baka na ile pembe. Niliwaza siku nzima, nikimtazama mnyama anavyotafuna. Jioni nikakumbuka. Siku ile ya kushuka, basi letu lilisimama kumpisha ng'ombe mmoja aliyekuwa peke yake katikati ya barabara, anatafuna gunia, hana haraka. Kondakta alimtukana mpaka akaishiwa maneno. Sikumtunga ng'ombe yule. Nilikuwa nimemwona dirishani, na nilipobanwa nikamtoa kama alivyokuwa, bila kujua namtoa wapi. Wafugaji wakaenda wakamchukua alipo.

Nikampigia mzee, nikamweleza yote, hata gunia. Nikasikia anamweleza mkewe kwa Kisukuma, na mkewe akicheka kama anayekohoa.

"Kwa hiyo ng'ombe hajapotea," mzee akasema.

"Kwangu hajapotea, mzee."

"Basi sasa aliyepotea ni mwenyewe."

Nilimuuliza, kwa unyenyekevu wote nilionao, kuhusu ile simu ya mhadhiri. Likizo ilikuwa inakwisha.

"Nitaongea naye, ng'wanawane, kwa nini nisiongee? Lakini ng'ombe afike kwao kwanza. Nimwambie mtu wa mbali kwamba habari zetu ni za uhakika, wakati habari yenyewe iko kwa mama yako inakula mchicha?"

Ni kweli ilikuwa inakula mchicha. Ilikuwa pia imekula kabichi, khanga moja iliyokuwa kambani, na pembe ya mto wa kiti. Mama alimfokea kwa Kifipa na ng'ombe hakugeuza hata sikio. Jirani mmoja aliyewahi kukaa na Wasukuma akamwambia ng'ombe neno moja la Kisukuma, naye akasogea. Tangu hapo Mama humsemesha kwa Kisukuma cha neno moja, na kwa Kifipa anaponung'unika. Wanajumuiya walikuja kumtazama baada ya sala, wakamzunguka, wakatoa maoni. Mwenyekiti wao alisema ana sura ya mtu anayemjua.

Nilimweleza mhadhiri kwa simu kwa nini nachelewa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ng'ombe huyo anahusiana vipi na ukutubi?"

"Ni kama msomaji amerudisha maktabani kitabu ambacho si chetu, mwalimu, na hataki kuondoka nacho."

"Kinapigwa muhuri wa vitu vilivyopotea."

"Hiki kinapiga teke, mwalimu."

Akasema atasubiri simu ya mzee hadi siku ya kufungua chuo, si zaidi.

Nikaanza kumtafuta mwenye ng'ombe, na hapo nikaona upande wa jamii ile ambao hakuna aliyekuwa ameniambia. Habari yao hailali mahali ikangoja. Ikishatimiza kazi inazimwa. Bondeni kote kulishajulikana kwamba ng'ombe wa majivu wa binti wa Chanji amepatikana, basi, imekwisha. Mjomba akiuliza nani kapoteza ng'ombe wa majivu, anajibiwa kwa furaha: "Yule wa mpwa wako? Si alishapatikana!"

Wa kwanza kuja kumdai alitokea Msanzi, ambako habari za bondeni hazikupaswa hata kufika. Alivaa suti. Alisema ng'ombe wake ni wa majivu, pembe imepinda, baka puani, mkia hauna ncha, yote kwa mpangilio ule ule niliousema mimi mbele ya mahindi. Nilikuwa nimeshashika simu nimpigie mzee.

"Pembe ipi?" Mama akauliza.

"Ya kulia, mama."

Mama akamkaribisha uji, na baada ya uji akamsindikiza hadi njiani.

Ndipo nikaelewa tatizo langu. Maelezo yangu yameshapita kila kijiji. Mtu yeyote kati ya Ilemba na Msanzi anaweza kumweleza ng'ombe yule vizuri kama mimi, kwa sababu anaeleza kwa maneno yangu. Mwenye ng'ombe wa kweli akija, atasema yale yale, na sitakuwa na namna ya kumtofautisha.

Wiki hii mzee alipiga simu mwenyewe. Wamejitokeza wawili, mjane wa kule kule Ilemba na bwana mmoja mfugaji mwenye mifugo mingi, wote watu wanaojulikana, na wote wameipata pembe ya kushoto. Atapanda nao basi Jumamosi. Mama akanipokonya simu.

"Shikamoo mzee. Hao watu, waambie waseme kitu ambacho mwanangu hakusema."

"Marahaba. Kitu gani, mama?"

"Tuseme kipo," Mama akasema, akakata simu.

Kipo kweli. Afisa mifugo wa kata alipita kumkagua, akaingiza mkono, akamwambia Mama kwamba ng'ombe ana mimba, ingawa kwa macho bado haionekani. Tunajua yeye, Mama na mimi. Mama hata jumuiya hajaiambia, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Leo ni Ijumaa. Begi langu la chuo liko tayari mlangoni, juu ya kiti, mahali ng'ombe hafiki. Mjomba ameongea na mjane na yule bwana kwa nyakati tofauti, akazungukia mvua, akazungukia mpunga, akawapa kila nafasi. Wote wawili wamemweleza ng'ombe kuanzia pua hadi mkia, na hakuna aliyetaja mimba: mmoja labda haijui, na mwingine, kama mfugaji mwenye akili, labda anaificha.