Kisigino Changu na Bega la Ami Haji

Nilipokuwa mtoto, miaka michache baada ya Mapinduzi, mtaani kwetu Malindi ilijulikana kwamba nyayo zangu ni dawa. Nilizaliwa kwa kutanguliza miguu, alisema bibi yangu, na mtoto wa namna hiyo akimkanyaga mgonjwa wa mgongo, maumivu hukimbia. Basi kila alasiri, wenzangu wakicheza nage, mimi naitwa nikakanyage watu. Nilimkanyaga muuza kahawa. Nilimkanyaga hata mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, na siku ya pili akanichapa kama kawaida.

Lakini ninayemkumbuka zaidi ni ami Haji, mdogo wake baba. Alikuwa hamali bandarini, magunia ya karafuu akiyabeba kwa bega la kulia tu. Wiki ile shingo yake ilikaza. Ukimwamkia, alizunguka mwili mzima kama mlango ndipo akuone, na mkono wa kulia haukupanda hata kufika kifuani. Na Ijumaa alikuwa anamwozesha binti yake. Yeye ndiye walii. Lazima akae mbele ya watu ampe mkono bwana harusi.

"Umepiga mluzi ghalani," bibi akamwambia. "Ghala lina wenyewe, majini. Mmoja kakukalia begani."

"Basi mzito, mama," ami akajibu. "Gunia zima!"

Alhamisi akalazwa kifudifudi mkekani. Nikashika nondo za dirisha nisimwelemee, nikaweka kisigino juu ya bega, upande wa shingo. Chini ya ngozi nikahisi kitu kigumu, kama kokwa ya tende. Nikakibonyeza.

"Kichwa!" ami akapiga ukelele. "Jamani, jicho langu! Nnakufa!"

Mimi nakanyaga bega, yeye analia jicho! Mkewe akatoka mbio mpaka uani, akipiga kelele, "Kahamia kichwani!" Shangazi zangu wawili wakamfuata, mmoja na kiatu kimoja. Nami nilitaka kukimbia, ila bibi alinishika kiuno.

"Usimwachie! Ukiondoka sasa atarudi na nduguze!"

Nikabaki nimebonyeza vile vile, nikisoma kila sura niliyoihifadhi. Zilikuwa tatu. Nilipofika ya tatu, kile kigumu kikaanza kulainika, kidogo kidogo, kama samli juani. Ami akashusha pumzi ndefu.

"Linakwenda," akasema. "Linakwenda… limekwenda."

Bibi akamkanda kwa kitambaa cha maji moto, akamwamuru abadilishe bega kila gunia, na asipige mluzi tena. Ijumaa mkono ulipanda vizuri mno: alimtikisa bwana harusi mpaka kofia ikamdondoka.

Baada ya harusi, tukisugua masufuria, mama akaninong'oneza. "Wewe ulizaliwa kwa kichwa, mwanangu. Aliyetanguliza miguu ni dada yako Zuhura. Bibi yako kachanganya, nami nikanyamaza, maana Zuhura mzito."

Miaka mingi baadaye, cherehani ilipokuwa ndiyo kazi yangu, nilisumbuliwa na kichwa kisichosikia vidonge. Daktari mmoja wa viungo akanibonyeza bega, jicho likaniuma. Akanieleza kwamba msuli uliochoshwa hufunga kifundo, na maumivu yake huenda kujitokeza mahali pengine. Kibonyezwe polepole, pakandwe kwa moto, msuli unyooshwe, na mtu aache mazoea yaliyouchosha. Nikaangua kicheko mpaka akashtuka. Ukiuondoa mluzi, bibi alikuwa keshayasema yote.

Zamani niliona haya, kama kwamba tulimlaghai ami. Siku hizi sioni hivyo. Alipopiga kelele, wakubwa waliompenda walikimbia. Akabaki kizee mmoja mkaidi na mtoto wa miaka minane aliyezuiwa asikimbie. Tangu hapo, mtu akinieleza maumivu yake, hata yakiwa hayaingii akilini, siharakishi kuyapa jina. Namsogelea, namuuliza panapouma, nakaa.