Chetezo na Ubeti wa Mwisho

Ilianza Alhamisi, saa tisa na robo alasiri. Nina hakika, maana kidaftari changu cha siku zile, nilipokuwa nimeingia sekondari, kimeandikwa hivyo kwa wino wa buluu, na ukurasa wenyewe nikiufunua mpaka leo unanukia udi. Usinicheke, msomaji: msichana asiyethubutu kuzungumza na watu huzungumza na daftari.

Siku ile Bi. Zuhura, aliyetufundisha kaswida nyumbani kwake mtaa wa Malindi, alitutangazia kuwa maulidi ya akina mama yamekaribia, na ubeti wa mwisho utasomwa na msichana mmoja peke yake.

"Nnataka sauti inayotetema," akasema, "si iliyonyooka kama kamba ya kuanikia nguo."

Sote tukamtazama Rukia. Yeye sauti yake ilitetema kila alipoivuta, kama maji ya beseni lililoguswa. Yangu ilikuwa safi, lakini ndiyo hiyo kamba. Na mimi niliutaka ubeti ule kuliko nguo ya Sikukuu, kwa sababu Mama angekuwepo, na Mama alikuwa na mazoea ya kuwaambia majirani mbele yangu, kwa mapenzi tu, "Huyu wangu sauti yake haivuki mlango."

Jumamosi yake nilikuwa jikoni, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi huku naimba. Mara nikashtuka. Sauti inatetema! Kila nilipoisugua nazi kwenye meno ya mbuzi, mwili ukaenda mbele na nyuma, na sauti ikapanda na kushuka nao. Tangu siku hiyo nikawa nakuna nazi tatu badala ya moja. Wiki nzima tulikula wali wa nazi, maharage ya nazi, ndizi za nazi, mpaka Baba akauliza kama nyumba hii imeapa kutokaanga kitu.

Alhamisi ya pili, mimi niliyekuwa nikijificha nyuma ya wenzangu, nikaomba kusoma. Nilipofika pale pa kuvuta, sauti ikagoma. Mwili wangu, bila ya kuniomba ruhusa, ukaanza kwenda mbele na nyuma, mikono imeshika hewa.

"Lahaula! We Asya," akasema Bi. Zuhura, "unasoma kaswida au unakuna nazi?"

"Kamua na tui kabisa, shoga!" akadakia Rukia.

Walicheka mpaka wakalaliana. Bi. Zuhura mwenyewe alijiziba mdomo kwa kanga. "Basi, mwanangu," akasema alipopata pumzi, "wewe shika chetezo cha udi."

Kutoka hapo tukawa tunakutana kila alasiri, wenzangu wakisoma, mimi nikifukiza udi. Siku ya kwanza nililia nikausingizia moshi. Lakini chetezo kina adabu yake. Ukipuliza kwa nguvu, jivu linarukia kanga za watu. Ukipuliza kidogo, makaa yanafifia na udi haunuki. Unavuta pumzi mpaka tumboni, halafu unaiachia ndefu, taratibu, sawasawa. Nikajifanyia mchezo wangu: kwa pumzi moja, kaa lote liwe jekundu na jivu lisiruke hata chembe.

Siku moja, wenzangu wakikunja mikeka, niliinamia chetezo nikaiachia pumzi ile ile, ila mara hii nikautia ubeti ndani yake. Shingo ililegea, mabega yalilegea. Sauti ikavutika, na huko mwishoni ikatetema, polepole, yenyewe. Sikuitikisa.

Rukia alisimama na mkeka mkononi. "Hebu rudia."

"Sitaki. Utanicheka."

"Wallahi sicheki. Rudia!" Nikarudia. Akapaza sauti, "Bi. Zuhura! Njoo umsikilize mkuna nazi!"

Bi. Zuhura alinisikiliza mara mbili, kisha akanipa ubeti wa mwisho.

Alasiri ya maulidi Mama alichelewa. Chumba kilikuwa kimejaa, akakaa ukumbini, nje ya mlango. Sikumwona. Nilivuta pumzi mpaka tumboni, nikasoma, na nilipomaliza kikatoka kigelegele kimoja huko ukumbini, kikavitangulia vyote. Nilikijua cha nani.

Miaka mingi nilimsifu Bi. Zuhura kwa kunifundisha pumzi kwa hila ya chetezo. Nilipokuwa mtu mzima nikamshukuru. Akacheka mpaka akakohoa. "Hila gani? Nilikuondoa mbele tu, ungetuvunja mbavu!" Ndipo nilipofahamu. Mtetemo ulikuwa wangu tangu zamani. Nilikuwa nimeukaba shingoni kwa hofu ya kuchekwa. Nilipokwisha kuchekwa, nikawa sina tena cha kuogopa.

Hayo sikuyajua bado asubuhi ile ya baada ya maulidi, Mama aliponitaka nikune nazi kabla ya shule. Nilikaa juu ya mbuzi, mwili ukaenda mbele na nyuma, nami nikasoma ubeti wote kwa sauti ya kufika uchochoroni. Dirisha la jirani likafunguliwa, na la pili yake. Sikunyamaza. Nikachukua nazi nyingine.