Mawe ya Atanasia

Magome ya miti ya miwati, yale ya kutengenezea ngozi, yakilowa mvua huwa na harufu kali, chungu, kama chai iliyosahaulika kwenye sufuria siku tatu. Juzi lori lililosheheni magome hayo lilisimama mbele yangu hapa Makambako, dereva akashuka kununua mahindi ya kuchoma, na harufu ile ikanirudisha Njombe, kwenye mtaa wa nyumba za matofali tuliouita Laini. Nikabaki nimesimama na kapu langu la nyanya, hasira imenipanda upya. Watu husema utoto ukikumbukwa huwa mtamu. Wangu nao una utamu wake, lakini kisa hiki hakijanitoka rohoni, na msinitake nikisimulie kwa kucheka.

Laini zilikuwa safu nne za nyumba zilizojengwa zamani kwa ajili ya wakata miwati. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Mimi nilizikuta zimechakaa, mabati yameshika kutu, kuta zimeota ukungu wa kijani upande wa mvua. Nililelewa humo na bibi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Atanasia. Huyo Atanasia alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alikufa kwa surua akiwa na miaka minne, akazikwa uani, nyuma ya jiko, asiende mbali na mama yake. Msalaba wake wa mti ulioza kabla sijazaliwa. Yalibaki mawe yaliyopangwa duara, na kila Jumamosi bibi aliyafuta vumbi kwa kiganja. Nilipomuuliza kwa nini hatumii ufagio, alinijibu, "Kwani wewe huwa nakuosha uso kwa ufagio?"

Nilipokuwa darasa la nne alitokea Bwana Festo. Alikuwa mtoto wa hapohapo Njombe, aliyewahi kufanya kazi ya hoteli Dar es Salaam, akarudi na kofia pana na fimbo ya kuonyeshea. Akaanza kuwatembeza wageni kwa miguu katika Laini, akiziita mtaa wa kihistoria. Sisi watoto tulimfuata nyuma kama vifaranga. Aliwaambia wageni kwamba wakata miwati walicheza ngoma kila jioni baada ya kazi. Bibi, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni, akatuambia kwa Kibena, "Walicheza? Miguu ya kuchezea waliiazima wapi?" Aliwaambia kwamba nyapara mkuu alifuga simba kwa mnyororo. Mzee mmoja wa safu ya tatu, aliyewahi kumpikia nyapara huyo, akaguna. "Simba gani? Alikuwa na kuku wawili, na mmoja kiwete."

Uongo wa namna hiyo haukutuuma. Ulituuma siku ulipoingia uani kwetu.

Ilikuwa Juni, ukungu haujaondoka, na wageni wa Dar es Salaam walikuwa wamejifunga mashuka juu ya majaketi. Bwana Festo hakupiga hodi. Aliwapitisha ubavuni mwa nyumba hadi nyuma ya jiko, akanyoosha fimbo kwenye yale mawe.

"Na hapa," akasema, "ndipo wazee walipokuwa wakiota moto na kusimuliana hadithi. Jiko la asili kabisa hili."

Mama mmoja mnene, mchangamfu, akaketi juu ya mawe. Akanyoosha mikono katikati ya duara na kuisugua, kana kwamba anaota moto. "Jamani, baridi ya huku! Nipigeni picha!" Wenzake wakacheka. Sisi watoto wa mtaa hatukucheka, maana sote tulijua pale ni wapi.

Bibi akatoka jikoni. Kwetu mgeni hafokewi uani, hata akikosea. Husalimiwa kwanza, hupewa kiti, ndipo mengine yafuate. Basi bibi akasema, "Kamwene," akaweka kigoda mbele ya yule mama, kisha akamgeukia Bwana Festo na kumwambia kwa Kibena, pole pole, "Mwambie mgeni ahamie hapa. Pale amelala mwanangu."

Bwana Festo alisikia. Kibena kilikuwa lugha ya mama yake. Akatabasamu, akawageukia wageni. "Mama Atanasia anasema karibuni sana, moto huo umewapasha joto vizazi vitatu."

Wageni wakapiga makofi. Mpaka leo yale makofi nayasikia. Mtu anamwita mwanamke kwa jina la mtoto wake aliyekufa, na papo hapo anamkalisha mgeni juu ya mtoto huyo!

Bibi akanitazama mimi. "Wewe umesoma Kiswahili. Waambie."

Sasa nawaambieni ukweli wangu. Shuleni tuliokutwa tukisema Kibena tulivishwa kibao shingoni, na siku ile, mbele ya wale watu wenye viatu vizuri, nilimwonea haya bibi, kitenge chake kilichopauka na mikono yake yenye maji ya viazi. Nilitaka wageni watupende. Nikasema, "Bibi anasema karibuni."

Hakunigombeza. Alimwendea yule mama, akamshika mkono, akamwinua na kumketisha kwenye kigoda. Kisha akaketi chini kando ya mawe, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mtoto. Mtoto wangu. Hapa."

Yule mama akaziba mdomo. "Yesu wangu! Nisamehe, bibi. Nisamehe, sikuambiwa." Machozi yalimtoka. Bwana Festo akaitazama saa yake. "Tuendelee, waheshimiwa, muda hautungoji."

Mngedhani aliona aibu. Baada ya wiki chache alileta kundi jingine, na nikiwa nimejificha nyuma ya tangi la maji nilimsikia akiwaeleza, "Mkibahatika, mtamwona bibi mmoja akiomboleza kimila kando ya jiko." Kimila! Alikuwa ameugeuza msiba wa bibi yangu kuwa kituo cha matembezi, kati ya nyumba ya nyapara na bomba la maji. Nilimsimulia bibi, nikidhani atashika mchi. Kesho yake, kabla sijaenda shule, aliyang'oa mawe yote, akayabeba moja moja hadi mtoni, akalisawazisha lile duara kwa miguu mitupu. Bwana Festo aliporudi, hakuwa na cha kuonyesha.

Mwaka huu tumemzika bibi. Aliacha neno kwamba alale na Atanasia. Baba mdogo, ambaye hakukulia Laini, alinishika bega mbele ya wenye majembe. "Wewe ndiye uliyekaa naye. Tuonyeshe." Wote wakanitazama. Jiko lilikuwa limebomolewa, nyasi zimefunika kila kitu. Ningeweza kunyoosha kidole popote, na hakuna ambaye angejua.

"Sijui, baba mdogo," nikasema. "Ni kati ya hapa na ule ukuta. Zaidi ya hapo sijui."

Wakachimba taratibu, wakiuchambua udongo kwa mikono kutafuta mifupa ya mtoto kabla ya kuutupa.

Nikiwa nimesimama pale ndipo nilipolielewa jambo ambalo mtoto wa darasa la nne hakulielewa. Bibi aliuza viazi sokoni miaka mingi. Neno karibuni alilijua kuliko mimi, kwa hiyo siku ile aliusikia uongo wangu ukinitoka, neno kwa neno. Na maneno "mtoto wangu, hapa" alikuwa nayo tangu mwanzo, hakuhitaji mkalimani. Alitaka mtu mwingine wa nyumba ile ayaseme, mbele za watu, asibaki yeye peke yake wa kusema kwamba Atanasia aliishi.