Safu Isiyo na Jibu Hata Moja

Nakumbuka siku moja pale Shanwe, mjini Mpanda, mwanangu, miaka ya tisini, jenereta linanguruma nje na mimi nimekaa mbele ya kompyuta nikifurahi peke yangu. Nilikuwa kijana, mwenye haraka kama hiyo yako. Tulikuwa tumekusanya majibu ya kina mama wa vijiji vya Mwese ili wakubwa waone kama kule milimani panahitajika zahanati. Mimi ndiye niliyeandika programu ya kuyachambua. Kila swali lilikuwa na safu yake, na safu ya watoto waliofariki ilipojumlishwa ikatoa sifuri.

Nikamwita mkuu wetu, Mama Zuhura, mwenyeji wa Tabora aliyependa utani kuliko chai. Nikamwambia kwamba Mwese hakufi mtoto. Akavuta kiti, akaniambia niiamuru programu ihesabu ni wangapi waliojibu swali hilo. Hakuwepo hata mmoja.

"Hiyo sio sifuri, baba," akasema taratibu. "Sifuri ni ya mama aliyeulizwa, akasema hajafiwa. Hapa hakuna aliyesema kitu, mashine imejumlisha patupu. Nyie kwenu hamjawahi kuzika mtoto?"

Nikainama. Mimi ni mtu wa Mwese. Dada yangu Nyamizi alimbeba mwanawe mgonjwa kwa miguu kuja Mpanda, mtoto akakata roho mgongoni mwa mama yake kabla hawajafika. Nilikuwepo makaburini, na bado sifuri ile ilinifurahisha. Mpaka leo nikikumbuka inaniuma.

Wadodosaji wetu walipoulizwa, wakatazamana. Ni vijana waliolelewa vizuri wale, usiwalaumu. "Sasa Mama, utamuulizaje mtu amezika wangapi, na ndio kwanza amekukaribisha kiti?" mmoja akajitetea. Kila mmoja alikuwa ameliruka swali lile kwa heshima, akidhani wenzake wameuliza.

Mama Zuhura hakuwagombeza. Alipanda Mwese mwenyewe na kina mama wa makamo, wakakaa jikoni na wenyeji, wakamenya mihogo pamoja nao, ndipo wakauliza. Dada akalitaja jina la mwanawe, jina ambalo nyumbani hakuna aliyelitamka tangu mazishi. Safu ikajaa majibu, na zahanati ikaja kujengwa. Humo ndimo ulimozaliwa wewe, na mikono ya kwanza kukupokea kutoka kwa nesi ilikuwa ya bibi yako Nyamizi.

Kwa hiyo mwanangu, kabla hujatafuta wastani wowote katika takwimu zako, hesabu kwanza majibu ya kila safu. Ukikuta safu ambayo hakuna hata mmoja aliyejibu, usiifute, wala usiiite sifuri. Nenda kaulize kwa nini watu wamenyamaza, na uulize kwa adabu.

Mungu akutunze, mjukuu wa dada yangu, na kila mtoto utakayemhesabu umkute mzima.