Ndoo Aliyoinyamazia Olinka

Saa tatu asubuhi, na giza la Januari bado limekalia Kuigaaq, kijiji cha magharibi mwa Alaska. Olinka Wassillie anarudisha nyuma pikipiki yake ya theluji hadi kwenye ngazi za nyumba ya tatu. Anashuka, anainua ndoo ya choo kwa mikono miwili na kuimimina kwenye tangi lililofungwa juu ya sleji, kitoroli cha kuteleza kwenye theluji, anayoiburuta nyuma. Hamwagi hata tone. Anairudisha ndoo tupu, anagonga mlango mara moja ili wenyewe wajue, anaondoka.

Nyumba ni hamsini na nane. Hakuna hata moja yenye bomba, kwa hiyo kila familia inajisaidia ndooni, na ndoo zote zinaishia kwa Olinka, anayeupeleka uchafu wake kwenye bwawa la majitaka, maili moja nje ya kijiji. Huu ni mwaka wake wa kumi na moja. Analipwa dola ishirini na moja kwa saa, saa ishirini na tano kwa wiki. Aliyekwisha kukunja pua aende akasome habari za michezo, kwa sababu habari hii ni ya choo mwanzo mpaka mwisho.

Nyumba ya nne ni ya Gavril Evan, fundi wa jenereta ya kijiji. Hapo Olinka hana haraka. Gavril ni mtoto wa mjomba wake, na kwa Wayup'ik, wenyeji wa huku, kama ilivyo kwa wengi wetu, binamu ni mtani. Tangu utotoni anamwita "mume wangu mdogo", ingawa sasa huyo mume ana miaka hamsini na moja na tumbo lake si dogo hata kidogo.

"Mume wangu mdogo," anaita mlangoni, "kesho ndege saa nne. Umefunga begi?"

"Nimefunga mdomo," anajibu Gavril, kikombe cha chai mkononi. "Siendi. Mimi si bomba la kupitishiwa kamera."

"Mchana kutwa unachungulia matundu ya barafu, unatafuta samaki. Lako likitaka kuchunguliwa unakimbia?"

Ndani mtu anaangua kicheko. Ni mke wa Gavril. Mwenyewe hacheki.

"Utani huo umeshaufanyia wimbo, nakujua."

"Wapiga ngoma wanao tangu wiki iliyopita," anasema Olinka. "Mwezi wa tatu vijiji vitatu vinakuja kucheza hapa. Usipokwenda, utausikia ukiwa umepiga magoti mbele ya wakwe zako wote." Katika ngoma za huku wanaume hucheza wamepiga magoti mbele.

Anapoirudisha ndoo, mikono yake imetulia. Macho ndiyo hayajatulia. Miadi ya kwanza ya Gavril hospitalini ilikuwa Novemba, akaenda kuvua. Ya pili ilikuwa Desemba, akasema jenereta inakohoa. Hii ni ya tatu, na Olinka anajua ni ya nini, kwa sababu yeye ndiye aliyeanzisha.

Ilikuwa Oktoba. Alifungua kifuniko cha ndoo ya nyumba hii akaona damu. Hakwenda kumwambia mtu mwingine. Ana sheria moja kazini, kwamba siri ya ndoo ni ya mwenye ndoo. Alipanda ngazi akauliza, "Mume wangu mdogo, umechinjia sili chooni?"

Gavril alicheka. Akasema ni bawasiri tu.

"Bawasiri umepimwa na nani? Na jirani?"

Siku hiyo hiyo alimpeleka kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Gavril akapewa kipimo cha choo, kile cha kujichukulia nyumbani kwa kijiti na kukifunga kwenye kichupa. Kikapanda ndege. Majibu yakarudi na neno moja lililowafanya wote wawili waache utani kwa dakika tano nzima: damu ipo, aje apimwe kwa kamera.

Hospitali za huku zinasema waziwazi kwamba Wenyeji wa Alaska ni miongoni mwa watu wanaougua zaidi saratani ya utumbo mpana duniani. Ndiyo maana zinataka kipimo kianze mtu akifika miaka arobaini, asingoje kuumwa. Gavril alikuwa amechelewa kwa miaka kumi na moja.

Mimi niliyekuja kuandika habari hii nilimuuliza Gavril kisa cha ukaidi wake. Aliuangalia mto ulioganda kwanza.

"Baba alikwenda mjini kupimwa," alisema. "Akarudi kwenye sanduku."

Olinka alisikia akiwa chini ya ngazi. "Mjomba alikwenda akiwa hawezi hata kukaa. Kipimo hakikumuua. Kuchelewa ndiko kulikomuua, na wewe unamfuata nyuma kama mbwa wa sleji."

Maneno makali hayo, lakini binamu anayaruhusu. Dada asingeyaruhusu, na hapo ndipo lilipo jeraha la Olinka.

Dada yake mkubwa, Agrafina, alikuwa anaishi nyumba ya kumi na saba. Ndiye aliyembeba Olinka mgongoni mama yao alipokuwa kwenye kambi ya samaki. Miaka minane iliyopita, majira ya baridi yote, ndoo yake ilitoka na rangi isiyo ya kawaida. Siku nyingine nyekundu, siku nyingine nyeusi kama lami. Olinka aliiona, akaimimina, akaisuuza, akairudisha.

"Kwetu dada mkubwa hasemwi," anasema. "Ningeanzaje? Dada, nimeangalia choo chako? Tena wazee walitufundisha ugonjwa hauitwi kwa jina, maana ukiuita unageuka kukutazama. Basi nikawa mtoto mwenye adabu. Nililipwa kubeba ndoo, nikabeba na siri humo humo."

Agrafina naye alikuwa anajua, na alikuwa ananyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tunavyosema, lakini hapa waliyaficha wawili, kila mmoja kwa kumheshimu mwenzake. Maumivu yalipomwangusha, saratani ilikuwa imefika kwenye ini. Alifariki Mei, wiki ambayo barafu ilivunjika mtoni. Alikuwa na miaka arobaini na tisa.

Wiki nne baada ya maziko, Olinka, akiwa na miaka arobaini na tano, alipanda ndege kwenda Bethel, mji wenye hospitali, akapimwa kwa kamera. Walimkuta na vinyama viwili vimeota ndani ya utumbo, vya aina ile inayoweza kugeuka saratani ikiachwa. Wakavikata hapo hapo, akiwa amelala. Kesho yake alirudi kijijini, keshokutwa akabeba ndoo. Sasa ana hamsini na mbili, na kila baada ya miaka mitatu anarudi.

"Watu wananiuliza kama sioni aibu kuongea haya," anasema. "Aibu niliizika Mei, pamoja na dada. Sina nyingine."

Jumatano asubuhi, siku ya safari, mawingu yameshuka mpaka kwenye paa za nyumba. Tunasimama kwenye uwanja wa ndege na kusikiliza. Hakuna mlio wa ndege. Saa tano wakala wa uwanja anasema safari za leo zimefutwa. Gavril, aliyeletwa na mkewe akiwa amenuna, ananyooka mgongo.

"Umeona?" anamwambia Olinka. "Mungu mwenyewe amekataa."

"Mungu ameleta mawingu," anasema Olinka. "Barafu je, imeletwa na nani?"

Anaondoka. Baada ya nusu saa anarudi na pikipiki, nyuma ameifunga sleji ya kuni. Juu yake ametandika ngozi ya dubu na blanketi mbili. Kutoka hapa hadi Bethel ni maili arobaini juu ya Mto Kuskokwim ulioganda, na njia ya barafu imewekewa alama za matawi tangu Desemba.

Gavril anaitazama sleji. "Hii ni ile ya ndoo?"

"Ya kuni. Usijipandishe cheo."

Mkewe anamsukuma begani, si kwa nguvu. Anamwambia kitu kimoja tu, kwa sauti ndogo, kwamba yeye hataki sanduku la pili katika nyumba yao. Gavril anavuta kofia masikioni. Anakaa kwenye ngozi, anajifunika.

"Miaka kumi na moja umebeba choo changu," anasema. "Haya, leo nibebe mwenyewe."

Ilituchukua saa mbili na nusu. Mimi nilikaa nyuma ya Olinka, na upepo ulinikata uso hadi nikasahau nina pua. Mara mbili alisimama kumgeukia abiria wake. Mara ya kwanza alimpa chai. Mara ya pili alimwangalia tu kama bado yupo, kwa sababu, alisema, anamjua, anaweza kuruka akarudi nyumbani kwa miguu.

Jioni hiyo, kwenye nyumba ya wageni ya hospitali, Gavril alianza kunywa ile dawa ya kusafisha utumbo, lita nzima na kisha lita nyingine. Alitoka chooni mara ya sita akiwa amekasirika.

"Cheka, mke wangu mdogo. Ndiyo siku yako."

"Choo cha humu kinachukuliwa na maji," alisema Olinka, akila biskuti. "Mimi niko likizo."

Alhamisi saa nne asubuhi walimwingiza. Olinka alikaa kwenye kiti cha plastiki na hakutania mtu. Alikuwa ameshika glavu zake za kazi, anazikunja, anazikunjua. Nilimuuliza anawaza nini.

"Nawaza kwamba nilisema," alijibu. "Hata wakikuta baya, safari hii nilisema."

Ilichukua dakika thelathini na tano. Daktari alitoka akatuambia amekuta vinyama vitatu na amevikata vyote. Viwili vidogo. Cha tatu kilikuwa kinene kama tunda kubwa la beri, na hicho hakikumpendeza. Kimekwenda maabara. Olinka alimshukuru, akatoka nje kwenye baridi bila koti, akasimama huko muda mrefu.

Simu ilikuja baada ya siku kumi na mbili. Kile kinyama kilikuwa na saratani kichwani, haijafika kwenye shina lake linaloshika utumbo. Walikuwa wamekitoa chote. Hakuna upasuaji, hakuna dawa za kuchoma mwili, arudi kupimwa baada ya mwaka. Daktari alimwambia Gavril kwamba angeendelea kukwepa, baada ya mwaka au miwili wangekuwa na mazungumzo mengine kabisa.

Kijijini habari haikuhitaji gazeti. Wiki hiyo hiyo Olinka alikwenda kwa mhudumu wa afya akamwomba vipimo vya choo vya watu wote waliofika arobaini na hawajapima. Walikuwa thelathini na mmoja. Mwenye ndoo akikubali, Olinka anamwachia kipimo mlangoni, na siku inayofuata anakipitia. Mpaka naandika haya, kumi na tisa wamekubali. Kumi na wawili waliobaki wanaitwa kila asubuhi kwa majina ya utani ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa.

Nilipita kumuaga Olinka. Alikuwa nyumba ya nne. Gavril alikuwa nje kwenye ngazi, na ndoo ameitoa mwenyewe, jambo ambalo mkewe anasema hajawahi kuliona.

"Nimekwenda, nimerudi," alimwambia Olinka. "Kwa hiyo wimbo wangu umefutwa."

"Haufutwi. Ulipoogopa ulipata ubeti wa kwanza. Ulipopanda sleji ya kuni ukapata wa pili."

"Nimesikia kuna wa tatu."

Olinka aliifunga ndoo kifuniko, akakikandamiza mara mbili. "Wa tatu haukuhusu. Ni wa mbeba ndoo aliyeona damu ya dada yake akanyamaza. Nataka vijiji vyote vitatu viusikie. Ila sijui kama nitaufikisha mwisho."

Gavril alishuka ngazi, akaichukua ndoo mikononi mwa Olinka, akafunua kifuniko, akaimimina kwenye tangi, na tone moja likamwangukia kiatuni.

"Wanaume ndio tunaopiga magoti mbele," alisema. "Mimi nitakuwa katikati, unanitazama. Huo wa tatu nitaucheza mimi. Na ukinyamaza tena, mke wangu mdogo, nitaomba urudiwe mpaka uumalize."